Alinia Mlangoni

Kazi yangu ni kushuku. Kwenye kadi nimeandika "mhariri wa miswada, hadithi na riwaya", lakini ukikaa nami mezani asubuhi moja hapa Shinyanga utaona kwamba kutwa nzima nashuku tu. Nashuku mhusika aliyeteguka mguu sura ya pili halafu sura ya tatu anakimbiza mwizi. Nashuku mvua ya mawe inayonyesha Julai. Nashuku shangazi aliyezikwa mwanzoni mwa kitabu na mwishoni yuko harusini, anapiga vigelegele. Mtu asiyeweza kumshuku hata jirani yake hafai kwa kazi hii, na majirani zangu watakuambia kwamba mimi nafaa sana.

Sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa, tena kwa fimbo. Nyumbani kwetu Didia tulizungumza Kisukuma, na Kiswahili tulikikuta shuleni, kikiwa na masharti yake. Sharti la kwanza lilikuwa ga. Msomaji wa mbali huenda hajui, kwa hiyo nieleze: sisi watu wa kanda hii, tukitaka kusema kwamba jambo ni la mazoea, tunabandika ga mwishoni mwa kitenzi. Baba anarudiga jioni. Mimi nalalaga mapema. Wewe unapendaga ugomvi. Hiyo ga tumepewa na mama zetu pamoja na maziwa, na tulipoingia nayo darasani mwalimu alisema, "Ga si Kiswahili!" na kila ga ikapata fimbo yake. Nikaacha. Nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili mwenyewe, nikaiacha shule kabla haijaniacha, nikawa mhariri. Sasa nakata ga za wenzangu, na raha ninayoipata katika kuzikata si ndogo. Hasira zikinipanda, hata hivyo, za kwangu hurudi zenyewe bila kuitwa.

Siku hizi kuna sababu mpya ya kushuku. Zamani aliyeiba maandishi aliiba kwa mkono, akanakili ukurasa baada ya ukurasa mpaka vidole vikamuuma, na angalau alikuwa amekisoma alichoiba. Juzi juzi bwana mmoja wa Kahama, mfanyabiashara mwenye tumbo na simu tatu, aliniletea riwaya ya mapenzi ya watu wa Ushirombo. Ukurasa wa kwanza kabisa, msichana kasimama dirishani anatazama theluji. Nikampigia simu. "Theluji ya Ushirombo umeiona lini?" Akasema, "Mwalimu, mi mwenyewe nilishangaaga." Kumbe alikuwa ameiagiza kompyuta imwandikie, na msomaji wa kwanza wa kitabu chake nilikuwa mimi.

Mchapishaji ninayefanya naye kazi, wa Dar es Salaam, yalimkuta makubwa kuliko theluji. Alitoa kitabu, kikasifiwa, halafu ikajulikana kwamba si cha mwenye jina lililo kwenye jalada. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo kila mswada anaonitumia unakuja na swali moja: ni wake? Nikijibu ndiyo, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Nikijibu nina shaka, mwandishi anapewa pole na mambo yanaishia hapo. Mwandishi mwenyewe haambiwi ni nani aliyemtilia shaka, na mimi nilikuwa nimeuzoea mpango huo kuliko inavyostahili.

Basi ukaja mswada wa mwanamke wa Katoro. Ujumbe wake wa simu ulitangulia: "Shikamoo Mwalimu. Mi ndo yule wa Katoro. Naombaga unisomee kwa huruma, huwaga naogopaga wahariri." Nikahesabu ga tatu, nikacheka peke yangu, nikamjibu marahaba. Nikafungua mswada nikiwa nimejiandaa kwa kazi ya kupalilia.

Haukuwa na ga hata moja. Niliitafuta sura ya kwanza, nikaitafuta ya pili, nikamwagiza hata yule mtafutaji wa ndani ya kompyuta anitafutie. Hakuna. Wala hapakuwa na "zahabu", ambayo huku kwetu ndiyo dhahabu ya mdomoni, wala "balabala" badala ya barabara. Kilikuwa Kiswahili kilichooga kikapaka mafuta.

Na kilikuwa kizuri. Msimulizi ni mke wa mchimbaji mdogo, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko upande wa Bulyanhulu. Mume anashuka, mke anangoja, na siku moja duara linafukia watu. Hadithi ni hiyo tu, lakini ilivyosemwa! "Mume wangu akirudi kutoka duarani, kitu cha kwanza alichonipa ni kimya." Mahali pengine: "Vumbi la duara haliishi kwa sabuni. Linaisha kwa mtu kuacha kazi." Nilisoma nimeshika kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, na mimi chai huwa siipi nafasi ya kupoa. Nilivyozidi kupenda ndivyo nilivyozidi kushuku.

Alijuaje, kwa mfano, kwamba matimba, ile miti inayozuia kuta za duara, hulia kabla ya kuvunjika, na kwamba mti mbichi hulia kwa sauti tofauti na mti mkavu? Kwenye maduara mengi mwanamke haruhusiwi hata kusogelea mdomo wa shimo. Wanasema akipita dhahabu inakimbia. Huyu mwanamke alikuwa anaeleza jinsi hewa inavyobadilika ukishuka, jinsi jasho linavyokuwa baridi mgongoni, jinsi mtu aliye chini anavyoisikia sauti ya aliye juu ikifika imechelewa. Aliyeandika haya, nikasema, amewahi kushuka.

Halafu ikaja simu ya shemeji.

Mdogo wa marehemu, akajitambulisha hivyo. Na ndivyo nilivyojua kwamba mwandishi wangu ni mjane kweli, kwamba mumewe alifukiwa kama yule wa kwenye riwaya. Namba yangu aliipata wapi sikumuuliza, na nikajilaumu baadaye kwa kutomuuliza. Alizungumza kwa heshima iliyopitiliza, kila sentensi shikamoo mpya.

"Mwalimu, nisamehe kukusumbua. Nasikiaga kuna kitabu."

"Kuna vitabu vingi," nikasema.

"Hicho cha shemeji yangu wa Katoro. Mwalimu, kile kitabu ni cha kaka. Kaka alisoma mpaka kidato cha sita, alikuwa na Kiswahili hicho, tulikuwa tunamuitaga redio. Kila jioni alikuwa anasimuliaga mambo ya duara, watu wanamzunguka. Yule mwanamke ameyachukua. Sisi hatutakagi kitu, Mwalimu. Tunataka jina la kaka likae juu ya kitabu. Hilo tu."

"Una ushahidi gani?"

"Kisome vizuri. Kuna sehemu anasema siku ile ya mwisho alikuwa nyumbani na kaka. Nilishikaga simu yake nikaona. Mwalimu, siku ile hakuwepo nyumbani. Sasa kama ameandika yeye, mbona anaandika kitu ambacho hakukiona?"

Nilimuaga nikabaki nimekaa. Sikumpenda, sauti yake ilikuwa na mafuta mengi, lakini nimeshajifunza kwamba mtu usiyempenda anaweza kusema kweli. Penye moshi hapakosi moto. Ukiweka pamoja ujumbe wa simu uliojaa ga na mswada usio na ga, mwanamke asiyeruhusiwa duarani na sura zilizojaa duara, marehemu mwenye Kiswahili cha redio na mke anayeogopa wahariri, hesabu ilikuwa inajipanga yenyewe. Nikaanza kusoma upya, safari hii nikiwa sisomi hadithi. Nilikuwa natafuta alama za mguu.

Nikazipata, na zikanichanganya zaidi. Sura ya tano: "Jioni wanaume wote wanao bwawani kabla ya kula." Wanao nini? Nikasoma juu, nikasoma chini. Hakuna walichonacho. Sura ya saba: "Watu walisema matajiri wa maduara wanalo wenzao ili mwamba utoe dhahabu." Wanalo lipi? Sentensi zilikuwa zimekatika katikati kama ubao uliopitiwa na msumeno, halafu zinaendelea mbele bila wasiwasi. Binadamu akikosea, hukosea kwa sababu. Haya yalionekana hayana sababu, na kitu kinachokosea bila sababu ni mashine. Sasa nilikuwa na washukiwa wawili, marehemu na kompyuta, na mwanamke wa Katoro hakuwa mmoja wao.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa sura ya mwisho kasoro moja, asubuhi ya mkasa. Mke anaamka, anakoroga uji. Mume anakunywa amesimama. Ndipo inakuja sentensi hii: "Alivaa gambuti zake, alinia mlangoni, akaenda."

Alinia. Alikusudia. Alikusudia nini, mlangoni? Mtu hukusudia moyoni, tena hukusudia jambo fulani. Niliikodolea macho ile sentensi asubuhi nzima. Kisha ile tabia yangu ikanizidi nguvu, nikaanza kuipa maana. Labda mume alikuwa na mpango. Labda hakufukiwa bali alitoroka, na mke alijua. Nikaona hapo ndipo kitabu kinapofichua siri yake, na aliyekiandika alikuwa fundi kuliko nilivyodhani. Nikairekebisha: "Alivaa gambuti zake, akanuia jambo mlangoni, akaenda." Pembeni nikaandika, kwa wino mwekundu wa kompyuta: "Msomaji ajue baadaye alinuia nini. Je, alipanga kutorudi?" Nikajisifu kwa hoja hiyo. Nilimrudishia mwandishi sura zote na masahihisho yake, nikamwambia asome, nami nikapanga kumfuata Katoro bila kumwambia. Mshukiwa akijua unakuja anapanga majibu.

Mchapishaji alinipigia siku ile ile. "Unasemaje, ni wake?"

"Nipe muda. Nina shaka."

"Shaka au shaka kubwa?"

"Huwaga nina shaka ya kawaida tu," nikasema, na nilipokata simu ndipo niliposikia ga yangu mwenyewe imetoka. Nilikuwa nimekasirika na sijui kwa nini.

Nilipitia Kahama na Ushirombo, nikashuka Katoro mchana wa soko. Katoro hapakosi kelele. Bodaboda, vipaza sauti vya wauza simu, na kila hatua duka la kununua dhahabu lenye mizani nyuma ya nondo. Nilimuulizia kwa biashara yake, maana kwenye mazungumzo aliwahi kunigusia kwamba anauza vifaa vya wachimbaji. Nikaoneshwa banda la mabati mwisho wa mstari. Gambuti zimening'inizwa juu mbili mbili, tochi za kichwani, makoili ya kamba, majembe. Katikati yake mwanamke wa makamo ya chini, kilemba cha kitenge, simu mkononi, anasoma.

Nilijifanya mteja. Hilo lilikuwa jambo la kijinga na nililifanya kwa makini sana. Nikashika kamba, nikauliza bei, nikauliza kama inafaa kwa duara refu. Akaniangalia miguu, viatu vyangu vya kwenda kanisani, kisha usoni.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Karibu gete, karibu kweli. Kamba ya nini wewe?"

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Unaulizaga kama ulivyoandika pembeni."

Akanipa kigoda, akanipa soda bila kuniuliza nanywa ipi, akakaa. Akaendelea kuniangalia kwa namna iliyonifanya niangalie gambuti zilizo juu. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole. Nikaanza kwa ukali.

"Mama, nitakuuliza na unijibu bila kuzunguka. Ujumbe wako wa simu una ga kila mahali. Mswada hauna hata moja. Watu wawili tofauti?"

Nilitegemea agutuke. Akacheka, tena kwa sauti, mpaka mwenye banda la jirani akachungulia.

"Mwalimu! Zile ga nimezifuta mimi. Mchapishaji alitutumiaga masharti, la kwanza Kiswahili sanifu tupu. Na shuleni kwetu tulipigwa hasa kwa ajili ya ga. Basi nilipomaliza kuandika nikakaa hapa hapa na simu, nikapita neno kwa neno. Nimefuta ga mpaka kidole kikawa na sugu."

"Ulijuaje ipi ya kufuta na ipi ya kuacha?"

Hapo akakaa sawa, kwa fahari kidogo, kama mtu anayeulizwa kuhusu pishi lake. "Nilikuwa na dawa yake. Nikikuta kitenzi kimeishia na ga, naiziba ga kwa kidole. Kikibaki neno la kueleweka, najua hiyo ga ni ya kwetu, naikata. Kisipobaki neno, najua ni ya Kiswahili, naiacha. Angalia: anapendaga, ziba, inabaki anapenda. Kata. Anapiga, ziba, inabaki anapi. Anapi siyo neno. Acha."

Nilitaka kumsifu, maana nimefundisha miaka na sijawahi kumpa mwanafunzi kanuni rahisi kama hiyo. Kisha nikakumbuka zile sentensi zilizokatika. Nikachukua simu yake, nikatafuta sura ya tano.

"Hapa. Wanaume wote wanao bwawani. Uliandika nini kwanza?"

"Wanaoga." Akaziba hewani kwa kidole. "Wanao. Ni neno."

"Na hapa, matajiri wanalo wenzao?"

"Wanaloga." Sauti yake ilianza kupungua. "Wanalo. Ni neno pia. Mwalimu, hizo nilikosea?"

Washukiwa wangu wawili walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Mashine haijawahi kuchapwa shuleni kwa ajili ya ga. Na redio ya kidato cha sita isingeogopa kuoga na kuloga. Kosa hili lina mama na baba, na wote wanatoka huku kwetu. Hata mimi ningeweza kulifanya nikiwa darasa la nne, na nadhani ningelifanya. Nikaikumbatia ile simu kifuani nikaona haya, na haya kwangu ni mgeni.

"Nisomee hii," nikasema, nikamfungulia sura ya mwisho kasoro moja.

Akasoma sentensi yangu iliyorekebishwa. Akaisoma tena huku midomo inacheza. "Akanuia jambo mlangoni. Mwalimu, hii niliiona jana usiku sikulala vizuri. Mimi sikusema amenuia jambo. Na hapa pembeni umeandika alipanga kutorudi. Nani kapanga?"

"Uliandika alinia."

"Niliandika aliniaga."

Aliniaga. Alinipa kwaheri. Ziba ga kwa kidole, inabaki alinia, na alinia ni neno.

"Nilipoikata nikaisoma," akasema, "nikaona haijakaa. Lakini nikajiambia ndo Kiswahili sanifu, hakikaagi vizuri mdomoni."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye moyo mzuri angeishia hapo, angekunywa soda yake na kupanda basi. Lakini shaka ikishazoea nyumba haitoki kwa siku moja, na ile simu ya shemeji ilikuwa bado imenikaa sikioni. Mswada ulipita mikononi mwa huyu mwanamke, hilo sasa nililijua. Je, ulianzia mikononi mwake? Mtu anaweza kupalilia shamba la mwenzake.

"Shemeji yako alinipigia," nikasema. "Anasema haya ni maneno ya marehemu."

Hakukasirika. "Duara ni la kwake," akasema. "Mimi sijawahi kushuka. Kila nilichoandika cha chini ya ardhi, alinisimuliaga yeye akiwa amekaa anakula, na mimi namuuliza mpaka anachoka. Matimba yanaliaje, hewa ikoje. Alikuwa ananiambiaga, wewe mwanamke unauliza kama askari. Hayo shemeji ana haki. Lakini kuandika hakuandikaga hata barua."

"Anasema pia kwamba siku ile hukuwepo nyumbani. Na wewe umeandika uji, umeandika mlango, umeandika gambuti. Umeandika kitu ambacho hukukiona."

Mteja akaingia wakati huo, mwanaume mwenye udongo mwekundu mpaka kwenye kope, anataka gambuti. Mwanamke alisimama, akamshushia jozi kwa fimbo yenye ndoano, akamjaribisha, akamwambia hizo zitambana, achukue namba ya juu yake maana chini miguu inavimba. Akapokea hela, akamrudishia chenji. Alifanya yote hayo kwa utulivu, na mimi nilikuwa namwangalia mikono. Yule mwanaume akasema, "Haya mama, baadaye," akaondoka. Mwanamke akasimama anamtazama mpaka akapotea kwenye watu.

Ndipo akarudi akakaa.

"Ni kweli," akasema. "Sikuwepo. Nilikuwa kwetu Ushirombo nimenuna. Tuligombana, nikamwambia mimi sirudigi hapa mpaka uache duara. Akasema sawa. Nikaondoka na begi langu. Asubuhi ile alitoka peke yake. Sijui hata kama alikula."

Akachukua simu yake kutoka mkononi mwangu, taratibu, akaifuta kioo kwa ncha ya kitenge.

"Hakuniaga, Mwalimu. Ndo maana nimeandika. Nilianzia hapo mlangoni, hivyo vingine vyote nimevitafuta ili nifike hapo. Nimemkorogea uji, nimemsimamisha, akaniaga. Halafu ile ga nikaikata kwa mkono wangu mwenyewe."

Nadhani nilisema pole, lile neno tunalolitumia hata kwa mtu aliyejikwaa, na nililia, jambo ambalo wanafunzi wangu wote wa zamani wangelikataa mahakamani. Yeye hakulia. Alinifungulia soda ya pili.

Pale pale kwenye kigoda, chini ya gambuti, nilifuta ile hekima yangu ya pembeni kuhusu kupanga kutorudi. Nikafuta "akanuia jambo". Nikaandika upya, yeye akiangalia kidole changu herufi kwa herufi: "Alivaa gambuti zake, aliniaga mlangoni, akaenda." Akaniomba niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akasema, "Hiyo sasa imekaa."

Kisha nikamwandikia mchapishaji ujumbe wa maneno mawili: ni wake. Simu ya shemeji iliita nikiwa bado kwenye banda lile, nikaona namba, nikaipokea. Nikamwambia kwamba jina la kaka yake linaweza kukaa ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa kumkumbuka, mwandishi akipenda, na juu ya jalada litakaa la aliyeandika. Akaanza, "Lakini Mwalimu, siku ile hakuwepo." Nikamjibu kwamba najua, na kwamba ningekuwa yeye nisingelisema hilo tena mbele ya mtu. Ilinitoka kwa ukali, na ga moja au mbili zilikuwemo.

Jua lilikuwa limeanza kulalia mabati nilipoinuka. Nilimuaga, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema wabeja, asante ya kwetu, Mwalimu, ufike salama. Nikatoka nikafika kwenye barabara ya lami, bodaboda tatu zikanizunguka zikinigombania. Nikasimama. Nikawaambia wanisubiri, nikarudi mpaka kwenye banda la mwisho wa mstari, nikamuaga tena.